Mtoto wa mkulima wa viazi na shahada ya isimu

Jumapili iliyopita mama mmoja wa Isyonje alinisubiri nje ya kanisa, kitenge kimefunika sweta kwa baridi ya Uporoto, mkononi karatasi ya matokeo iliyochapwa steshenari. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kapata daraja la pili. Nyumbani hapakaliki. Kijana anataka kwenda chuo kikuu kusoma isimu, baba yake hataki hata kulisikia neno hilo, na mama yuko katikati kwa sababu neno lenyewe ni geni kwake. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu anakwenda kusomea lugha ya nani?"

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Rungwe. Kila mwaka matokeo yakitoka na dirisha la udahili likifunguliwa, swali hilo hunijia kwa sura hii au ile, na wanaoliuliza si wazazi tu. Hata walimu wenzangu hudhani aliyesoma isimu ni mtu anayezungumza lugha sita. Isimu haimfundishi mtu kuongea. Inamfundisha kuichunguza lugha: sauti zinatengenezwa wapi mdomoni, neno linajengwaje, sentensi inashikamana vipi, mtoto anajifunzaje kusema kabla hajaiona shule, kwa nini Kiswahili cha Mwanjelwa hakifanani na cha Tanga. Bwana mifugo anaweza asiwe na ng'ombe hata mmoja, na bado ndiye unayemwita ng'ombe wako akigoma kula.

Nianze na upande wa baba, maana anayelipa ada anastahili kusikilizwa kwanza.

Baba ni mkulima wa viazi. Anaijua lumbesa: gunia linajazwa, linavishwa kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Mtu aliyepunjwa hivyo miaka na miaka haamini kirahisi bidhaa asiyoiona kwa macho. Hoja yake kubwa ni ajira. Hajawahi kusikia halmashauri ikitangaza nafasi ya mwanaisimu. Inatafuta mwalimu, muuguzi, afisa kilimo, mhasibu. Isimu haina hata kipindi kwenye ratiba ya sekondari, na mwenye shahada ya isimu peke yake, isiyo na ualimu ndani yake, hawezi kusimama foleni moja na walimu nafasi zikitangazwa. Halafu kuna deni. Tangu mwaka 2016 mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize kulipa, na baba anauliza: asilimia 15 ya mshahara upi? Na nchi yenyewe imeonyesha inakotaka vijana waelekee. Ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza 2022, ni wa waliofanya vizuri katika masomo ya sayansi. Hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia baba huyu kwamba hofu yake ni ya kijinga.

Ila kuna mahali hesabu yake haikai sawa. Kila anapoikataa isimu anaiweka kando ya uuguzi na uhandisi, wakati mlango wa uuguzi ulifungwa siku kijana alipoingia HKL. Kilichobaki mezani ni sheria, ualimu wa masomo ya sanaa, utawala, maendeleo ya jamii, uandishi wa habari na fani za lugha. Wahitimu wa fani hizo nyingine nao tunao mitaani, wengine wanaendesha bodaboda Uyole na shahada zao ziko kwenye begi. Swali la haki, basi, ni ipi kati ya hizo inamkuta kijana wa Isyonje akiwa tayari na kitu mkononi ambacho mwenzake wa mahali pengine hana.

Nilimwomba yule mama tutembee hadi kwenye njia panda. Anayeijua barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu anaijua njia panda ya Isyonje: huku unateremka Mbeya, huku unakwenda Tukuyu na Kyela, na huku unapanda Kitulo hadi Makete. Nikamuuliza, ukishuka upande wa Mbeya, kwa Wasafwa, watu wanaitwaje? Akasema, "Abhantu." Tukuyu je? "Abandu." Na Makete kwa Wakinga? Akafikiri kidogo. Mkwe wa dada yake ni wa huko. "Avanu," akasema. Nikamwambia, na sisi hapa tukiongea Kiswahili tunasema watu. Neno ni moja hilo hilo. Nt ya kale imebaki nt kwa Msafwa, imekuwa nd kwa Mnyakyusa, t imepotea kwa Mkinga ikabaki n, na kwenye Kiswahili imepotea n ikabaki t.

Hilo si bahati wala si watu kukosea matamshi. Mbuzi kwa Mnyakyusa ni imbene, kwa Mbena na Mhehe ni imene. Angalia: palipo na nd kwa Mnyakyusa, Mbena ana n kama Mkinga, na palipo na mb, Mbena ana m. Mabadiliko yanakwenda kwa kanuni, kama maji yanavyofuata mfereji, na anayeijua kanuni anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye neno walilotumia mababu kabla hawajaachana. Wilhelm Bleek, mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19, alilichukua neno hilo hilo la watu na kuipa familia nzima ya lugha zetu jina la Kibantu. Mwanafunzi aliyekulia mahali penye lugha moja hulazimika kuyakariri haya kwenye kitini. Huyu wetu ameyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, kwenye njia panda aliyokuwa akiuzia viazi.

Yule mama alinyamaza, halafu akasema jambo ambalo bado linanigusa: "Sisi tulikuwa tunachekana tu."

Ndiyo. Tulikuwa tunachekana. Aliyesema hivi tulimwita mshamba, aliyesema vile tukamwiga. Shuleni wengi wetu tulichapwa kwa kuzungumza lugha ya nyumbani. Tukakua tukiamini kwamba tulichokileta kutoka kwa bibi ni uchafu wa kunawa kabla ya kuingia darasani. Isimu ndiyo fani niliyoiona ikimwambia kijana kinyume chake, tena kwa ushahidi.

Na ushahidi upo tele. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Vijana wanaoandikiana Kinyakyusa kwenye simu wanazibana irabu saba ndani ya herufi tano, kisha msomaji akisie. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikutana na tatizo hilo, na halijaisha. Watu wa SIL walioko Mbeya, shirika la Kikristo linaloshughulikia lugha na maandishi yake, ambao tangu miaka ya 2000 wamefanya kazi na lugha kama kumi za ukanda huu, katika baadhi ya lugha za irabu saba wanatumia i na u zenye mstari katikati. Wazee wengine wanazipenda alama hizo kwa sababu neno linasomeka kama linavyosemwa, wengine wanaziona ni za kigeni. Nani ataamua? Anayeamua lazima ajue sauti ni nini na herufi ni nini, na ajue pia bibi wa Masoko atakubali kusoma nini.

Kihehe nacho kina mambo yake. Kwenye Kiswahili, ukirudia kitenzi kuimba unapata kuimbaimba, ku- inabaki mwanzoni peke yake. Kwenye Kihehe, kwita, yaani kumimina, ikirudiwa inakuwa kwitakwita: kiambishi kinavutwa na kurudiwa pamoja na mzizi wake kwa sababu mzizi umeanza na irabu. Kitu kidogo namna hiyo kiliandikiwa makala na Wamarekani wawili, David Odden na Mary Odden, katika jarida la Linguistic Inquiry mwaka 1985, na wanadharia wa sauti duniani wakaibishania. Mwaka 2017 Mjerumani Bastian Persohn alichapisha kitabu kizima kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa, na yeyote mwenye simu anaweza kukipakua bure. Nawashukuru wote hao kwa moyo mmoja. Walikuja, wakakaa na wazee wetu, wakajifunza. Ninachokitamani ni kumwona mtoto wa Kalenga au wa Lwangwa akiandika kinachofuata, kwa sababu yeye ataanza pale mgeni anapofika baada ya miaka mitano.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelizungumza hadi wenzangu wamelichoka.

Sensa ya 2022 inatuambia Mkoa wa Mbeya una watu 2,343,754. Iringa 1,192,728. Songwe 1,344,687. Njombe 889,946. Namba hadi mtu wa mwisho. Uliza sasa: kati ya hao wa Mbeya, wangapi wanazungumza Kisafwa nyumbani kwao? Hakuna namba. Kimalila je? Hakuna. Sensa haiulizi kabila tangu ile ya 1967, na iliachwa kwa nia njema ya kujenga taifa. Lugha ya nyumbani nayo haiulizwi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa atlasi ya lugha mwaka 2009, uliweza kutupa makadirio ya wasemaji, na tangu hapo watoto waliozaliwa mwaka ule wamefika sekondari. Viazi vya baba wa Isyonje vina watafiti wao TARI Uyole, wanaojua aina ya mbegu na ugonjwa wa kila msimu. Lugha anayoilimia viazi hivyo haijulikani ina wasemaji wangapi, wala kama wajukuu zake wataisema.

Wengine wataniambia namba hiyo haina kazi. Nenda Umalila basi, Ilembo au Santilya, wiki ya kwanza ya darasa la awali. Mtoto amekua akisikia Kimalila tangu kuzaliwa. Mwalimu amepangiwa kutoka mkoa wa mbali, anajitahidi, anampenda, lakini hajui neno hata moja. Anamuuliza mtoto, mtoto anamwangalia. Mwalimu anaandika kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa. Watoto wa namna hiyo ni wangapi katika mkoa huu? Wengi, wachache, wanapungua? Hatujui, kwa hiyo hatuwapangii chochote. Zahanati hali ni hiyo hiyo: bibi anaeleza maumivu yake kwa Kisafwa, mjukuu wa miaka kumi anatafsiri, na kuna mambo ya mwili wa bibi ambayo mjukuu hawezi kuyatamka mbele ya muuguzi. Yanabaki hayajasemwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema isimu isubiri shahada ya uzamili. Wana hoja nzuri, maana wengi wa waliotuletea matunda makubwa walikuwa watafiti waliobobea. Lakini kuhesabu lugha kijijini hakuhitaji profesa. Kunahitaji miguu. Kijana wa mwaka wa tatu anakwenda kijiji kimoja, anapita kaya kwa kaya, anauliza: babu anamsemesha mjukuu kwa lugha gani? Mama na mtoto je? Watoto wakiwa mtoni peke yao? Wiki tatu zinatosha. Wanafunzi kumi, vijiji kumi, kila mwaka, na baada ya miaka mitano tungekuwa na picha ambayo taifa halijawahi kuwa nayo. Wakisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao kila aliyefika Matema amevishika, wana lugha yao, na ni kabila dogo. Nani anahesabu wangapi kati ya watoto wa wafinyanzi hao bado wanavitaja vyungu kwa Kikisi?

Ipo hofu ya ukabila, na siidharau. Tumelelewa kwenye nchi iliyoshikamana kwa Kiswahili, na majirani wametuonyesha gharama ya kutoshikamana. Ndiyo maana kanuni za utangazaji zinataka redio zetu zitumie Kiswahili na Kiingereza. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inazitambua lugha za jamii kuwa hazina, na inawahimiza watu kuziandikia kamusi na vitabu vya sarufi. Kuichunguza lugha si kuipigia kampeni. Aliyeona jinsi abhantu, abandu, avanu na watu walivyotoka tumbo moja ana sababu ndogo kuliko wengine ya kumbagua jirani yake.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya shahada hii, baba wa Isyonje hakuitaja, kwa sababu haionekani kutoka nje. Mimi naijua kwa sababu iliniumiza. Nilisoma isimu ndani ya shahada ya ualimu, kwenye chuo ambacho sitakitaja. Miaka mitatu tulichora michoro ya matawi ya sentensi za Kiingereza, tukakariri majina ya nadharia na waasisi wake, tukajibu mitihani. Hakuna aliyetuuliza nyumbani kwetu wanasemaje. Nilihitimu bila kurekodi hata saa moja ya lugha yoyote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mndali wa Ileje. Alikuwa na majina ya mvua ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine, mvua ya kupandia, mvua ya kuharibu maharage, mvua ya ukungu isiyolowesha. Alikuwa hai miaka yote mitatu niliyokuwa chuoni nikijifunza namna ya kuchambua maneno. Nilipopata kinasa sauti na akili ya kukitumia, alikuwa ameshatangulia. Majina mawili ninayo. Mengine amekwenda nayo.

Kwa hiyo anayesema isimu ni nadharia tupu hasemi uongo. Anasimulia namna inavyofundishwa mahali pengi. Shahada ya isimu inayofundishwa bila uwandani, hapa kwetu, ni kumpeleka mtoto kisimani na kumwekea picha ya maji. Ningekuwa mzazi, swali langu la kwanza kwa idara yoyote lisingekuwa ada wala hosteli. Ningeuliza kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatoka nje kukusanya data, na kama anaruhusiwa kuandika utafiti wake wa mwaka wa tatu juu ya lugha ya kwao. Jibu likiwa hapana, nitakubaliana na baba.

Kuhusu mkate, nilimwambia mama ukweli kama ninavyouona. Isimu peke yake ni hatari kwa mtoto asiye na mtaji wala mjomba mjini. Isimu iliyofungwa pamoja na ualimu wa Kiswahili au Kiingereza ni jambo jingine, na hapa jirani, Mkwawa na vyuo vingine vya Iringa na Mbeya, kuna shahada za ualimu zenye lugha ndani yake. Na aliyeshika isimu vizuri anafundisha Kiswahili cha kidato cha tano na sita kwa raha, maana mofimu, ngeli na uundaji wa maneno ni isimu iliyovaa sare ya shule. Tafsiri nayo inakua: sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye huduma yake ya tafsiri, zikiwemo Kibemba cha Zambia na Kitumbuka cha Malawi, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Lugha haifiki huko bila kuwa na maandishi mengi yaliyopangwa kwa tahajia moja, na kazi ya tahajia ni ya mwanaisimu. Sikumwahidi kazi. Nilimwonyesha milango, na nikamwambia mingine ni myembamba.

Kijana mwenyewe alitufuata pale njia panda, ana haya, mikono mfukoni. Nilimuuliza kwa nini isimu. Akasema babu yake ni Mporoto, na watu wanabishana kama Kiporoto ni lugha au ni Kisafwa tu kilichochanganyika, na yeye anataka kujua jibu linapatikanaje. Hakusema anataka kujua jibu. Alisema linapatikanaje.

Alhamisi wanashusha viazi Uyole na baba atakuwa kwenye gari. Nimemwambia mama wapite kwangu wakirudi, kijana awepo, na baba aje na maswali yake yote. Dirisha la udahili bado liko wazi.